Kupaka Rangi Nyeupe Katika Vifani vya Kufundishia

Kifani ni zana ya kufundishia inayoonyesha umbo la kitu halisi kwa kipimo kidogo. Mwalimu wa shule ya msingi aweza kukitengeneza mwenyewe kwa maboksi, mbao laini au karatasi zilizorowekwa na kupondwa. Katika makala haya tutaeleza jambo moja linalowashinda wengi: namna ya kupata weupe laini ulio sawasawa kwa brashi na mkono tu.

Mfano wetu ni kifani cha njia panda ya Msamvu, Morogoro, ambapo barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika, moja ikielekea Dodoma na nyingine Iringa. Kituo kikuu cha mabasi kiko papo hapo, na magari hayakatiki. Kwa mtoto aishiye jirani, somo la kuvuka barabara si la mtihani tu. Ni la uhai wake.

Tulipotengeneza kifani hicho mara ya kwanza, tulipaka barabara yote rangi nyeusi, kisha tukachora juu yake mistari myeupe ya kivuko cha waendao kwa miguu. Mistari ikatoka ya kijivu. Tukaongeza rangi nzito, tena na tena, mpaka ikavimba. Siku ya somo tuliuliza, "Hapa ni mahali gani?" Mtoto mmoja akajibu, "Ni matuta, Mwalimu." Mtoto huyo alisoma alichokiona. Kosa lilikuwa letu.

Kwa nini nyeupe ni ngumu

Rangi nyeusi huficha kilicho chini yake kwa kumeza mwanga. Rangi nyeupe huutawanya mwanga na kuurudisha. Kazi hiyo hufanywa na chembe ndogo sana zilizomo ndani yake, ambazo katika rangi nyingi za siku hizi ni za titani dioksaidi. Mpako ukiwa mwembamba, sehemu ya mwanga hupenya hadi chini; na kama chini ni peusi, humezwa huko. Ndiyo sababu weupe huonekana kama kijivu. Mpako ukiwa mnene mno, rangi hutiririka, huacha michirizi ya brashi, na hukauka juu huku ndani ingali mbichi. Kwa hiyo dawa yake ni mipako kadhaa myembamba.

Chokaa nayo ina tabia yake. Ikiwa mbichi huonekana hafifu, kwa kuwa maji yamejaa katika nafasi zilizo kati ya chembe. Ikikauka, hewa huingia mahali pa maji na weupe hujitokeza. Asiyejua huongeza chokaa kabla haijakauka, na mwisho wake hupasuka na kubanduka. Tena chokaa huunguza macho na ngozi, hivyo wanafunzi wasiishike.

Hatua za kufuata

(a) Kulainisha. Piga msasa kifani chote, kisha ukifute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Rangi haifichi mkwaruzo, huutangaza.

(b) Kuziba. Boksi na karatasi hunywa rangi. Changanya gundi nyeupe ya seremala na maji kwa kiasi sawa, paka mara moja, acha ikauke, kisha piga msasa laini.

(c) Kutayarisha rangi. Tumia rangi ya maji nyeupe ya ukutani. Ikoroge hadi chini ya kopo, kwa maana chembe nyeupe hutuama. Ichuje kwa kitambaa chepesi. Anza kwa vijiko vinne vya rangi na kijiko kimoja cha maji. Usitumie rangi kuukuu ya mafuta usiyoijua, kwa kuwa yaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto.

(d) Kupaka. Chovya theluthi moja tu ya nywele za brashi, na uzipanguse ukingoni mwa kopo. Vuta brashi upande mmoja, toka mahali pakavu kuelekea mahali penye rangi mbichi. Ukishapita, usirudi. Kuigusa rangi iliyoanza kukauka ndiko kunakoleta michirizi.

(e) Kungoja. Acha kila mpako ukauke kabisa, kwa kawaida saa mbili hadi nne. Piga msasa laini kidogo, futa vumbi, kisha paka mpako unaofuata kwa kukingamana na ule wa kwanza. Mipako mitatu au minne hutosha. Kwa hiyo zana ya somo la Ijumaa ianzwe Jumatatu.

Hali ya hewa nayo iangaliwe. Juani rangi hukauka kabla haijatandaa. Wakati wa masika hukawia, na saa nne huenda zisitoshe. Fanya kazi kivulini, mbali na vumbi la barabara, na ukifunike kifani kwa boksi kinapokauka.

Mistari ya kivuko

Hapa ndipo tulipopotea. Nyeusi hufunika nyeupe kwa mpako mmoja au miwili, bali nyeupe juu ya nyeusi hutaka mingi. Basi anza na nyeupe: paka eneo lote la kivuko mpaka liwe laini. Likishakauka vizuri, bandika vipande vya utepe wa karatasi mahali pa mistari, paka nyeusi juu ya vyote, kisha bandua utepe taratibu. Mistari itakuwa minyofu, myeupe, na bapa kama ile ya barabarani.

Kifani cha pili tulikitengeneza hivyo. Tulipouliza swali lile lile, darasa lilijibu kwa pamoja, "Kivuko!" Baada ya hapo tuliweza kufundisha lililokusudiwa: kusimama, kutazama kulia, kushoto na kulia tena, na kuhakikisha kwamba magari yamesimama ndipo kuvuka.

Zoezi

1. Andika herufi A kubwa kwa wino mweusi kwenye kipande cha boksi. Paka rangi nyeupe juu yake, mpako baada ya mpako. Herufi inatoweka baada ya mipako mingapi?

2. Rudia jaribio hilo kwa chokaa. Linganisha ikiwa mbichi na ikiwa kavu, kisha eleza sababu ya tofauti hiyo kwa maneno ambayo mwanafunzi wa darasa la tano ataelewa.