Mwalimu Anayejaribu Chombo Kipya

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilitua Tabora kupata chakula na wapagazi wapya; mzigo haukufika kwa nguvu za mtu mmoja. Chombo kipya cha kufundishia nacho ni mzigo wa namna hiyo.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka watoto wote wapate elimu ya msingi, vyuo havikuweza kutoa walimu wa kutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu vijijini kwa miaka mitatu, huku wakifundisha. Walisoma kwa njia ya posta, wakasikiliza vipindi vya redio, na wakaongozwa na wakufunzi. Redio ilifikisha sauti mbali, lakini haikuweza kumtazama mwalimu huyo akiwa darasani. Kazi hiyo ilibaki kwa mkufunzi.

Ndivyo ilivyo leo kwa kompyuta. Mkufunzi anayejaribu njia mpya apewe mambo matatu: muda wa kuandaa somo, fundi wa kumsaidia chombo kinapoharibika, na mwenzake wa kulitazama somo na kumweleza lilipofana na lilipolegea. Akiyakosa, chombo hufungiwa kabatini, na wanafunzi hurudia kukariri. Nawe, mwanachuo, utakapopangiwa shule, usimwache mwenzako abebe mzigo huo peke yake.