Protini na Uhai wa Vifaranga vya Kambare

Kambare ni samaki mwenye uzazi mwingi. Jike mmoja aliyekomaa vizuri huweza kutoa makumi ya maelfu ya mayai kwa mara moja. Mayai hayo yakichanganywa na mbegu ya dume na kuwekwa katika maji safi yenye joto la nyuzi 25 hadi 28 za Sentigredi, huanguliwa baada ya saa 24 hadi 36. Mtu akiitazama hesabu hii peke yake atadhani kwamba upungufu wa vifaranga hauwezi kumpata mfugaji wa kambare. Hali halisi ni kinyume cha hayo. Katika vituo vingi vidogo vya kuzalishia samaki, sehemu kubwa ya vifaranga hufa kabla ya kutimiza majuma mawili, na mojawapo ya sababu kubwa za vifo hivyo ni chakula kisichowafaa.

Hasara hii haimhusu mwenye kituo peke yake. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilipoanza mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki katika wilaya nyingi, mahitaji ya vifaranga vya perege na kambare yaliongezeka haraka kuliko uwezo wa vituo vya kuvizalisha. Pembezoni mwa Ziwa Viktoria, wavuvi wa sangara nao huvitafuta vifaranga vya kambare ili wavitumie kama chambo katika kamba ndefu zenye ndoano nyingi. Vituo vikishindwa kuvitoa, huvuliwa kutoka katika vinamasi vinavyolizunguka ziwa, ambako kambare huzaliana kwa asili. Kwa hiyo kifaranga anayekufa ndani ya tangi ni pengo katika bwawa la mfugaji na ni mzigo mwingine juu ya kinamasi.

Siku za mwanzo

Kifaranga wa kambare anapoanguliwa huwa na urefu wa milimita 5 hadi 7, na uzito wake ni kati ya miligramu 1 na 3 hivi. Chini ya tumbo lake hubeba mfuko wa kiini cha yai, nao ndio akiba yake ya chakula. Akiba hiyo hukaribia kwisha ifikapo siku ya tatu, na hapo kifaranga hulazimika kutafuta chakula kwa kinywa chake mwenyewe.

Wakati huo mwili wake haujakamilika. Kiungo kinachomwezesha kambare mkubwa kuvuta hewa juu ya maji bado hakijakua, hivyo hutegemea matamvua peke yake. Jambo kubwa zaidi kwa habari ya lishe ni kwamba tumbo lake bado halijaanza kazi. Kambare mkubwa humeza dagaa au chura mzima, na tumbo lake hutoa asidi pamoja na kimeng'enya kiitwacho pepsini, ambavyo huanza kuzivunjavunja protini. Kifaranga hana uwezo huo. Utumbo wake ni mfano wa mrija mfupi ulionyooka, nao hutegemea vimeng'enya vya kongosho na uwezo wa chembe hai za ukuta wa utumbo kufyonza vipande vya protini. Tumbo huanza kufanya kazi kama ipasavyo siku nne au tano baada ya kifaranga kuanza kula.

Hapa ndipo penye kitendawili. Kifaranga huhitaji protini nyingi kuliko wakati wowote mwingine wa maisha yake, kwa sababu katika majuma mawili uzito wake hupaswa kuongezeka mara kadhaa kumi. Lakini katika muda huohuo uwezo wake wa kuisaga protini ni mdogo kuliko wakati wowote mwingine.

Kiasi cha protini na ubora wake

Protini hujengwa kwa asidi amino zilizoungana kama shanga katika uzi. Miongoni mwa asidi amino hizo ziko kumi ambazo mwili wa samaki hauwezi kujitengenezea, na ni lazima zitoke katika chakula. Ikiwa moja tu ni haba, ujenzi wa mwili hupungua kwa kadiri ya uhaba huo, hata kama zile nyingine tisa zimezidi. Nyama ya samaki na ya uduvi ina lisini na methionini kwa uwiano unaokaribia mahitaji ya kifaranga. Soya ina lisini ya kutosha lakini methionini yake ni chache. Mashudu mengi ya mbegu na pumba za nafaka hupungukiwa na lisini.

Ni muhimu pia kufahamu jinsi kiasi cha protini kinavyopimwa. Kwa kawaida mkemia hupima naitrojeni iliyomo katika chakula, kisha huzidisha kwa 6.25. Hesabu hiyo haielezi ni asidi amino zipi zilizomo, wala haielezi kama mnyama ataweza kuzisaga. Magunia mawili ya chakula yanaweza kuandikwa asilimia 50 ya protini, moja likakuza vifaranga na jingine likawaua kwa njaa huku matumbo yao yamejaa.

Aidha, protini isipofuatana na mafuta ya kutosha, kifaranga huichoma ili apate nguvu badala ya kuitumia kujenga mwili. Naitrojeni yake hutolewa kupitia matamvua ikiwa amonia, na katika tangi dogo amonia ni sumu.

Chakula kilicho hai

Dawa ya kitendawili hiki ilipatikana zamani kidogo. Katika miaka ya 1930 watafiti wa Marekani na Norway, miongoni mwao Gunnar Rollefsen, walionyesha kwamba vifaranga vya samaki hustawi wakilishwa watoto wa atemia, mdudu mdogo wa jamii ya uduvi anayeishi katika maji yenye chumvi nyingi. Mayai ya atemia huweza kukaushwa na kuhifadhiwa kwa miaka. Yakitiwa katika maji ya chumvi yenye joto, mwanga na hewa ya kutosha, huanguliwa kwa muda wa siku moja hivi na kutoa mtoto wa urefu wa karibu nusu milimita. Zaidi ya nusu ya uzito wake mkavu ni protini.

Ilidhaniwa zamani kwamba siri ya atemia ni vimeng'enya vyake mwenyewe, ambavyo humsaidia kifaranga kusaga. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba mchango huo ni mdogo. Sababu zenye uzito zaidi ni kwamba mdudu hai huchezacheza na kumvuta kifaranga, mwili wake ni laini na wenye maji mengi, na sehemu kubwa ya protini yake ni ya aina inayoyeyuka, pamoja na asidi amino zilizo huru ambazo hufyonzwa bila kusagwa sana.

Taabu iko katika bei. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mayai ya atemia katika biashara ya dunia imetoka katika Ziwa la Chumvi la Utah huko Marekani, na mfugaji mdogo huyanunua kwa fedha za kigeni. Katika miaka ya 1980 atemia walipandikizwa katika mashamba ya chumvi ya pwani ya Kenya, jambo lililothibitisha kwamba wanaweza kuishi na kuzaa katika mwambao wetu. Kwa mfugaji wa bara, mbadala ulio karibu ni viroboto wa maji wa jamii ya moina, ambao huzaliana kwa wingi katika madimbwi yaliyorutubishwa kwa samadi. Hawa huhitaji kuchujwa kwa kitambaa ili wale wadogo tu ndio wapewe vifaranga wa siku za kwanza.

Kuhamia chakula kikavu

Baada ya siku tano hadi saba za chakula hai, tumbo likiwa limeanza kazi, vifaranga huweza kuzoeshwa chakula kikavu kidogo kidogo. Chakula hiki hupaswa kuwa na protini ya asilimia 50 au zaidi kidogo. Msomaji na atazame maana ya tarakimu hiyo. Tukichukua dagaa wakavu wenye protini ya asilimia 60 na pumba za mpunga zenye asilimia 12, kilo 100 za mchanganyiko wenye asilimia 50 zitahitaji dagaa kilo 79 na pumba kilo 21. Pumba haziwezi kuongezwa zaidi ya hapo bila kuishusha protini chini ya haja ya kifaranga.

Mashudu ya pamba yana protini nyingi, lakini yana pia gosipoli, ambayo ni sumu kwa samaki ikizidi. Soya mbichi ina viini vinavyozuia kazi ya vimeng'enya vya kongosho, yaani vile vile anavyovitegemea kifaranga, na kwa hiyo ni lazima ipikwe au ikaangwe kabla ya kusagwa. Dagaa nao wana kasoro yao: wale walioanikwa mchangani hubeba mchanga, ambao huongeza uzito wa gunia bila kuongeza lishe. Waliokaushwa juu ya vichanja huwa safi zaidi.

Katika nchi nyingine njia ya kuisaga protini kabla ya kumlisha kifaranga imechunguzwa. Watafiti wa Ufaransa katika miaka ya 1990 waliona kwamba sehemu ya protini ya chakula cha vifaranga vya samaki wa baharini ikikatwakatwa mapema kwa vimeng'enya, vifaranga hukua na kuishi vizuri zaidi. Walakini kiasi hicho kikizidi, ukuaji hurudi nyuma, kwa kuwa utumbo huzidiwa na asidi amino zinazowasili zote kwa pamoja.

Dagaa ni wa nani?

Swali zito kuliko yote limo katika hesabu ile ya kilo 79. Dagaa ni kitoweo cha watu wa kipato kidogo kuanzia Mwanza hadi Kisumu, na hata mbali na ziwa. Je, ni haki kuwasaga ili kumlisha samaki?

Jibu hutegemea umri wa samaki. Vifaranga 10,000 wanaofikia uzito wa miligramu 100 kila mmoja, kwa jumla huwa na uzito wa kilo moja tu. Chakula chao chote cha majuma hayo hakizidi kilo chache. Lakini wakisalia kambare 6,000 na kukuzwa hadi nusu kilo kila mmoja, hufikia uzito wa kilo 3,000, na chakula chao hupimwa kwa tani. Ni katika tani hizo dagaa wanapoondolewa mezani kwa watu, wala si katika kilo zile za mwanzo.

Kwa sababu hiyo ni busara kuihifadhi protini bora kwa ajili ya vifaranga, na kuwapa kambare wakubwa, ambao wana tumbo kamili, soya iliyopikwa, mashudu na protini ya wadudu. Funza wa nzi mweusi, wanaokuzwa kwa mabaki ya vyakula, wameanza kuingia katika biashara hiyo, na mwaka 2017 Kenya iliweka viwango vya wadudu waliokaushwa kwa ajili ya chakula cha mifugo.

Kwa mwenye kituo, mambo ya kutimiza ni machache lakini hayana mkato. Chakula kisagwe na kuchekechwa mpaka kiwe unga unaoingia katika kinywa cha kifaranga. Kitolewe kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, kwa kuwa unga unaokaa majini hupoteza asidi amino zake kwa kuyeyuka, na masalio huoza. Masalio yaondolewe kila siku. Vifaranga wakubwa watengwe na wadogo, kwa maana kambare mwenye njaa hupata protini yake kwa kumla ndugu yake, na hiyo ndiyo protini ya gharama kubwa kuliko zote.