Chumo la Mama ni Lake



Wahenga walisema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Kule Kibuyuni, karibu na Shimoni katika kaunti ya Kwale, kina mama wanalithibitisha neno hili. Maji ya bamvua yanapotoka, wao hushuka pwani, wakafunga vipande vya mwani katika kamba, wakazitandaza baina ya vigingi vilivyopigwa mchangani. Baada ya majuma sita hivi huvuna, wakaanika juu ya vichanja, kisha wakauza.

Kazi hii haitaki kubahatisha. Mama aliyefundishwa hujua kuchagua mbegu iliyo hai, kupima nafasi baina ya kishada na kishada, na kuanika pasipo mchanga, kwani mwani mchafu au wenye unyevu hushuka thamani. Wengine wamefunzwa kuutia katika sabuni na mafuta ya kupaka, na hapo ndipo faida ya ujuzi inapoonekana: auzaye mwani mkavu hungoja bei ya mnunuzi, auzaye sabuni huitaja bei mwenyewe.

Wapo waulizao: je, yafaa mwanamke wa Kiislamu kutoka kwenda kuchuma? Twawakumbusha mama yetu Bi Khadija, Mungu amridhie, aliyekuwa mfanyabiashara wa Makka, na Bi Zaynab binti Jahsh, mkewe Mtume (s.a.w.), aliyekuwa hodari wa kazi za mikono, akidabighi ngozi na kushona, na chumo lake akilitoa sadaka. Stara na kazi hazigombani.

Lakini liko jambo zito ambalo huletwa mbele yetu mara kwa mara. Mama aanzapo kupata shilingi mbili tatu, mume hupunguza posho. Mwaka haujaisha, unga, karo na dawa vyote viko juu ya mama, na simu yenye pesa zake za M-Pesa imo mfukoni mwa bwana. Ndugu zetu waume, hiyo si haki. Surat An-Nisaa, aya ya 32, imempa mwanamke fungu lake katika anachokichuma, kama ilivyompa mwanamume lake. Nafaka ni wajibu wa mume, hata mke awe na mali. Mke akisaidia kwa radhi yake, ni hisani na ana thawabu. Akilazimishwa, ni dhuluma. Na mume mwenye busara ataona kwamba siku dema lirudipo tupu, ile hisani ndiyo itakayotia chungu mekoni.

Basi twashauri matatu. Kwanza, kina mama waandike daftari la mapato na matumizi, na namba ya siri ya simu ibaki siri kweli. Pili, chama kiwe na kanuni zilizoandikwa, na mikopo yake isiwe na riba. Tatu, wazazi wasimwache binti aliyemaliza shule akae akingoja posa tu; wampeleke chuo cha ufundi cha kaunti, au kwa fundi mwaminifu, apate ujuzi. Posa huenda ikachelewa, na ndoa huenda ikavunjika. Ujuzi hauandikiwi talaka.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azibariki riziki za halali za mama zetu, na awape waume nyoyo za uadilifu. Amin.