Elimu ya chuo kikuu Masasi na Newala

Elimu ya chuo kikuu Masasi na Newala inahusu njia ambazo wakazi wa wilaya hizo mbili za mkoa wa Mtwara, kusini mashariki mwa Tanzania, hutumia kupata shahada katika vyuo vikuu vya umma, pamoja na ubora wa programu wanazosoma na matokeo wanayopata.

Mkoa wa Mtwara hauna chuo kikuu cha umma chenye makao makuu yake humo. Kwa hiyo mwanafunzi wa Masasi au Newala ana njia kuu mbili: kuhamia mji wenye chuo, kama vile Dar es Salaam, Dodoma au Morogoro, au kubaki nyumbani na kusoma kwa masafa kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Katika njia zote mbili programu hupimwa kwa vigezo vilevile vya kitaifa. Hata hivyo mafanikio ya mwanafunzi hutegemea pia mambo ambayo vigezo hivyo havipimi: shule alikotoka, umbali, msimu wa korosho na muda alio nao wa kusoma.

Eneo

Mji wa Newala uko ukingoni mwa Uwanda wa Juu wa Makonde, mahali ambapo ardhi inashuka ghafla kuelekea bonde la mto Ruvuma. Mteremko huo mkali hujulikana kama Shimo la Mungu. Masasi iko magharibi, chini ya uwanda huo, kati ya vilima vya mawe. Wakazi wa eneo zima ni hasa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera.

Udongo wa uwanda ni wa kichanga na maji ya mvua huzama upesi, hivyo tangu zamani watu wa juu walishuka mabondeni kuchota maji. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanzishwa miaka ya 1950, husukuma maji kutoka chanzo cha Mitema kuyapandisha vijijini. Zao kuu la biashara ni korosho. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi ina urefu wa kilomita 210 na kwa miaka mingi sehemu yake kubwa ilikuwa ya udongo.

Historia

Elimu ya shule ilianza mapema katika eneo hili. Mwaka 1876 askofu Mwanglikana Edward Steere, anayejulikana pia kwa kazi zake juu ya sarufi ya Kiswahili, aliwaleta Masasi watu waliokombolewa kutoka utumwani waliokuwa wakiishi Zanzibar. Kituo cha Newala kilifuata mwaka 1878. Wabenedikto Wakatoliki walifungua misheni ya Ndanda mwaka 1906. Kutokana na misheni hizo zilikua shule zilizojulikana nchini kote, zikiwemo Chidya ya Waanglikana na Ndanda ya Wakatoliki. Baada ya uhuru shule hizo zilitaifishwa.

Hadi mwaka 1961 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Aliyefaulu vizuri alikwenda Makerere nchini Uganda. Mfano unaojulikana zaidi ni Benjamin William Mkapa, aliyezaliwa tarehe 12 Novemba 1938 katika kijiji cha Lupaso, wilayani Masasi. Alisoma Lupaso, Ndanda, Kigonsera na Pugu, kisha akahitimu Makerere mwaka 1962 katika somo la Kiingereza. Wakati huo Makerere ilifungamana na Chuo Kikuu cha London, na shahada ilitolewa kwa jina la London. Ndiyo ilikuwa namna ya kuhakikisha ubora enzi zile: chuo kichanga kilitumia mitihani na jina la chuo kikongwe ili shahada yake ikubalike popote.

Chuo cha Dar es Salaam kilianza hivyohivyo tarehe 25 Oktoba 1961. Mwaka 1963 kiliingia katika Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, na tangu mwaka 1970 ni chuo kikuu kinachojitegemea. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka wanaoingia chuo kikuu wawe wamefanya kazi kwanza, likakipa uzito zaidi kigezo cha uzoefu wa kazini kando ya matokeo ya darasani.

Kwa wanafunzi wa kusini safari yenyewe ilikuwa kikwazo. Barabara ya Dar es Salaam ilikatwa na mto Rufiji, na wakati wa masika magari hayakuweza kupita kwa majuma mengi. Hali hiyo ilibadilika mwaka 2003 lilipofunguliwa daraja la mto huo lenye urefu wa karibu kilomita moja. Daraja hilo linaitwa Daraja la Mkapa, kwa jina la rais wa wakati huo. Baada ya kustaafu urais, Mkapa alikuwa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007.

Chuo Kikuu Huria

Wazo la chuo kikuu kinachomfuata mwanafunzi aliko lilifanyiwa kazi na kamati iliyoongozwa na Nicholas Kuhanga, iliyotoa taarifa yake mwaka 1990. Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mwaka 1992, na chuo kilizinduliwa mwezi Januari 1994. Makamu mkuu wake wa kwanza alikuwa Geoffrey Mmari. Makao makuu yako Kinondoni, Dar es Salaam, na kuna vituo katika mikoa, kikiwemo cha Mtwara.

Mwanafunzi hupata vitabu na maandiko ya kozi, hujisomea kwa sehemu kubwa peke yake au katika kikundi, hukutana na walimu kwa vipindi vya ana kwa ana, na hufanya mitihani katika kituo cha mkoa. Tangu intaneti ienee, sehemu ya mafunzo hutolewa mtandaoni. Anaweza kupunguza idadi ya kozi katika mwaka mmoja na kuchukua miaka mingi zaidi kumaliza shahada.

Njia hii imewafaa hasa walimu. Mtu aliyehitimu katika chuo cha ualimu, kama kile cha Kitangali wilayani Newala, huajiriwa kwanza kwa cheti au stashahada, kisha husoma shahada ya elimu akiwa bado anafundisha. Hahami shule wala familia, na mshahara wake hausimami. Chuo hicho pia kina programu ya awali kwa wasio na sifa kamili za kidato cha sita. Anayetaka kutumia programu hiyo kuingia shahada hutakiwa kupata wastani usiopungua 3.0.

Jinsi ubora wa programu unavyopimwa

Msimamizi wa vyuo vikuu vyote, vya umma na vya binafsi, ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoanza kazi mwaka 2005 ikichukua nafasi ya Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu. Chuo hakiruhusiwi kudahili wanafunzi katika programu ambayo haijaidhinishwa na tume. Mambo yanayochunguzwa ni pamoja na mtaala, idadi na sifa za wahadhiri, maktaba, maabara na utaratibu wa mitihani.

Uzito wa programu huhesabiwa kwa krediti. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikijumlishwa mihadhara, kujisomea, mazoezi na mitihani. Mwaka mmoja wa masomo una krediti 120, hivyo shahada ya kwanza ya miaka mitatu inahitaji angalau krediti 360. Kwa kanuni hiyo shahada iliyosomwa Newala kwa masafa ina uzito sawa na ile iliyosomwa bwenini Dar es Salaam, maana kinachohesabiwa ni kazi iliyofanywa na si mahali ilipofanyiwa.

Ndani ya chuo kuna hatua nyingine. Maswali ya mitihani hupitiwa na idara kabla ya kutumika, na watahini wa nje, yaani wahadhiri wa vyuo vingine, hukagua maswali au majibu yaliyosahihishwa. Programu hupitiwa upya kila baada ya miaka kadhaa.

Usimamizi huo una meno. Mwaka 2017, baada ya uhakiki, TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya katika mwaka wa masomo 2017/18, pamoja na programu kadhaa za vyuo vingine. Kwa mwombaji wa wilayani jambo hili lina maana ya moja kwa moja: kabla ya kulipa ada anapaswa kuangalia katika mwongozo wa udahili unaotolewa na TCU kila mwaka kama programu anayoitaka imo, na si kutegemea tangazo la chuo peke yake.

Jinsi mafanikio ya mwanafunzi yanavyopimwa

Kipimo kinachojulikana zaidi ni wastani wa alama, maarufu kama GPA, unaofikia 5.0. Kila kozi hupewa daraja: A ina pointi 5, B+ pointi 4, B pointi 3 na C pointi 2. Pointi huzidishwa kwa krediti za kozi, kisha jumla hugawanywa kwa krediti zote.

Kwa mfano, mwanafunzi amepata A katika kozi ya krediti 12, B+ katika kozi ya krediti 10 na C katika kozi ya krediti 8. Hesabu ni 60 + 40 + 16 = 116, ikigawanywa kwa 30 ni karibu 3.87. Wastani huandikwa kwa desimali moja bila kukadiria kwenda juu, yaani 3.8.

Madaraja ya shahada ya kwanza ni haya:
- 4.4 hadi 5.0: daraja la kwanza
- 3.5 hadi 4.3: daraja la pili la juu
- 2.7 hadi 3.4: daraja la pili la chini
- 2.0 hadi 2.6: ufaulu wa kawaida

Anayeshindwa kozi hufanya mtihani wa marudio, ambao wanafunzi huuita "sapu". Anayeshuka chini ya kiwango cha kuendelea huondolewa chuoni, na kwa lugha ya wanafunzi "amedisko".

Kipimo kingine ni idadi ya wanaomaliza kwa muda uliopangwa. Kipimo hiki kinahitaji uangalifu kinapotumiwa kulinganisha vyuo. Mwanafunzi wa bwenini akichukua miaka mitano badala ya mitatu, huenda kuna tatizo. Mwalimu anayesoma kwa masafa akichukua miaka mitano, huenda ndivyo alivyopanga tangu mwanzo. Akihesabiwa kuwa "amechelewa", takwimu itaonyesha programu dhaifu wakati programu yenyewe haina kasoro.

Mambo yanayoathiri mafanikio

Sifa za kujiunga. Kwa kawaida mwombaji wa shahada anahitaji ufaulu wa masomo mawili makuu ya kidato cha sita yenye jumla ya pointi 4. Kwa hiyo programu anazoweza kuomba huamuliwa na masomo yaliyofundishwa shuleni kwake. Shule isiyo na mwalimu wa fizikia au hisabati humfungia mwanafunzi milango ya uhandisi na udaktari kabla hajafika chuoni.

Lugha. Shule ya msingi ya umma hufundisha kwa Kiswahili, wakati sekondari na chuo kikuu hutumia Kiingereza. Anayejisomea kwa masafa huhisi ugumu huu zaidi, kwa kuwa maandiko ndiyo mwalimu wake mkuu.

Fedha na msimu. Mwaka wa masomo wa vyuo vingi huanza Oktoba au Novemba, wakati huohuo mavuno ya korosho yanapouzwa. Korosho hukusanywa na vyama vya msingi na kuuzwa kwa mnada chini ya vyama vikuu: MAMCU kwa Masasi na Mtwara, TANECU kwa Tandahimba na Newala. Mkulima hulipwa baada ya mnada, hivyo malipo yakichelewa, ada nayo huchelewa. Katika msimu wa 2018/19 serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi walisubiri malipo yao kwa muda mrefu.

Mikopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoanza kazi mwaka 2005, hukopesha wahitaji ada na fedha za kujikimu, zinazoitwa "bumu" na wanafunzi. Kwa mtoto wa mkulima aliye mbali na nyumbani, bumu huwa ndiyo chakula na chumba, na likichelewa humwathiri kabla halijaonekana katika alama zake.

Umbali. Anayesoma kwa masafa hufuata mitihani Mtwara mjini, na hutegemea umeme na intaneti ya mahali alipo.

Mabadiliko ya karibuni

Ada ya sekondari za umma iliondolewa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Hatua hizo zimeondoa kizuizi kimoja kwenye njia ya kwenda chuo kikuu, huku zikiongeza mahitaji ya walimu wenye shahada.

Kupitia mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425 wa Benki ya Dunia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaanzisha kampasi mkoani Lindi, jirani na Mtwara, inayolenga kilimo. Kampasi hiyo inakileta chuo kikuu cha umma karibu zaidi na Masasi na Newala. Kwa sasa mwalimu anayepata shahada yake akiwa kazini bado ni kiungo muhimu, kwa sababu hurudi katika darasa lilelile ambamo waombaji wajao wa chuo kikuu wanaandaliwa.

Tazama pia
- Mkoa wa Mtwara
- Wilaya ya Masasi
- Wilaya ya Newala
- Chuo Kikuu Huria cha Tanzania
- Benjamin Mkapa