Lori Kuukuu la Jeshi katika Njia za Garissa

Mtu asafiriye kutoka Garissa kwenda Wajir wakati wa kiangazi huona nchi tambarare, vumbi jingi, na njia ambayo karibu gari lo lote laweza kuipita. Lakini mvua za mwezi wa Aprili, ambazo Wasomali huziita gu, zikianza kunyesha, nchi ile ile hugeuka. Mikondo ya mchanga iitwayo laga, iliyokuwa mikavu kwa miezi mingi, hujaa maji kwa muda wa saa chache, na penye udongo wa mfinyanzi magurudumu hushikwa kama kwa gundi. Ndipo ionekanapo tofauti kati ya motokaa nzuri ya mjini na lori la zamani lililoundwa kwa ajili ya vita.

Malori ya namna hiyo yana sifa tatu. Yameinuka juu ya ardhi. Nguvu ya injini yaweza kupelekwa katika magurudumu yote, ya mbele na ya nyuma. Na mitambo yake ni sahili, hata fundi mwenye spana, bisibisi na nyundo aweza kuifikia karibu yote. Sifa hii ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote. Kila gari huharibika. Gari lifaalo katika nchi yenye visima vichache ni lile ambalo mwenyewe aweza kulitengeneza pale pale lilipoharibikia.

Nchi ya Garissa iliyajua malori ya jeshi zamani. Mwanzoni mwa mwaka 1941, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Alan Cunningham yalikusanyika kando ya mto Tana ili kuwashambulia Waitalia waliokuwa Somalia. Walikuwamo askari wa Afrika ya Mashariki, wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, wa Nigeria, na wa Afrika ya Kusini. Adui wao wa kwanza alikuwa ukosefu wa maji, kwa kuwa kati ya Tana na mto Juba nchi ni kavu, na maji ya watu na ya injini ilibidi yachukuliwe kwa malori. Adui wa pili alikuwa matope. Hapo kwanza ilifikiriwa kwamba shambulio kubwa lingoje mpaka baada ya mvua, lakini jenerali aliamua kwenda mapema, na katika mwezi wa Februari majeshi yakaondoka. Kismayu ilitwaliwa tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili 1941. Mwendo huo mrefu haungaliwezekana pasipo madereva na mafundi wa malori, na wengi wao walikuwa Waafrika.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, jeshi lilikuwa na magari mengi kuliko haja yake. Kanada peke yake ilikuwa imetengeneza magari ya kijeshi zaidi ya 800,000, na katika Uingereza kiwanda cha Bedford kilikuwa kimetoa malori yapatayo 250,000. Mengi yaliuzwa kwa raia katika nchi mbalimbali, na Afrika ya Mashariki ilipata sehemu yake. Askari waliojifunza udereva na ufundi jeshini walirudi makwao na akiba zao. Baadhi yao walichanga fedha, wakanunua lori kuukuu, wakaanza biashara ya uchukuzi. Wengine walifaulu. Wengine walishindwa, kwa maana bei ya kununua ilikuwa ndogo lakini bei ya matairi, petroli na vipuri haikuwa ndogo. Rahisi ni ghali, walisema wahenga.

Shida ya vipuri haikuwapata Waafrika peke yao. Katika kisiwa cha Anglesey, upande wa Wales, Bwana Maurice Wilks, mkuu wa wahandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa na jipu la zamani la jeshi la Marekani katika shamba lake. Alilipenda sana kwa kuwa lilifanya kila kazi, lakini alijiuliza atafanyaje siku litakapochakaa kabisa. Jibu lake lilikuwa kuunda gari jingine la namna hiyo, na tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ya kwanza ikaonyeshwa huko Amsterdam. Bodi yake ilikuwa ya alumini kwa sababu chuma cha pua kilikuwa haba baada ya vita. Gari hilo likawa mashuhuri katika Kenya ya Kaskazini, nalo pia likatumiwa na majeshi mengi, na likiisha kutumika jeshini huuzwa kwa raia kama yale yaliyolitangulia.

Atakaye kununua gari kuukuu la jeshi leo na azingatie mambo haya. Kwa kawaida sheria za Kenya haziruhusu kuingiza nchini gari lililotumika ambalo umri wake wapita miaka 8. Kwa hiyo itambidi kutafuta miongoni mwa yale yaliyomo nchini tayari, na hati zake ziwe sawa na namba za chesisi na injini. Rangi mpya isimdanganye. Ainame chini ya gari atazame kama chesisi imepata ufa au kutu, kwa maana injini yaweza kubadilishwa, lakini chesisi iliyovunjika ni hasara. Tena, katika mikoa ya mpakani, ambako majeshi yako kazini na mabomu hutegwa njiani, si busara kuliacha gari la raia likiwa na rangi na alama za kijeshi.

Jambo la kwanza katika matengenezo ni spana. Malori ya Kiingereza ya wakati wa vita yalitumia nati za kipimo cha Whitworth, ya Kimarekani na ya Kanada yalitumia inchi kwa mpango mwingine, na magari ya Kijapani yajaayo Garissa siku hizi hutumia milimita. Mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zilipatana juu ya kipimo kimoja cha nyuzi za nati, lakini magari ya kabla ya hapo hayakubadilika. Fundi atumiaye spana isiyolingana huviringisha pembe za nati, na kazi ya dakika tano huwa ya siku nzima.

Jambo la pili lahusu uhai. Baadhi ya malori ya jeshi ya Kiingereza na ya Kanada yana ringi za vipande viwili vilivyokazwa pamoja kwa nati. Nati hizo ziko karibu na zile zishikazo gurudumu katika ekseli, na zamani zilipakwa rangi nyekundu iwe onyo. Baada ya miaka mingi rangi hiyo imefutika au imefunikwa. Mtu akizifungua hali tairi lina upepo, vipande hivyo huachana kwa kishindo na vyaweza kumwua papo hapo. Upepo utolewe wote, na chuma kidogo cha ndani ya valvu kiondolewe, kabla ya mkono kugusa nati za ringi. Kila mwenye gari na ampake rangi nyekundu nati hizo tena, na kila taniboi afundishwe maana yake.

Jambo la tatu ni joto na vumbi. Katika jua la Garissa petroli huweza kuchemka ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye kabureta, na injini ikazimika ingawa tangi limejaa. Madereva wa zamani hufunga kitambaa chenye maji juu ya pampu ya petroli, wakangoja ipoe. Chujio la hewa, ambalo katika magari mengi ya zamani lina bakuli la oili, lisafishwe mara kwa mara katika safari za vumbi, kwa sababu vumbi likipita humaliza pistoni kama msasa. Raba za ndani ya breki huoza gari likisimama muda mrefu. Zibadilishwe zote, si moja tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo la nne ni uendeshaji. Kuunganisha magurudumu ya mbele ni kwa ajili ya mchanga na matope tu. Katika lami kavu hulazimisha gia na shafti kushindana, zikavunjika. Penye mchanga, upepo wa matairi upunguzwe ili yatandae, kisha urudishwe njia ikiwa ngumu. Na penye laga iliyojaa, dereva mwema hangoji kusifiwa. Lori lililo refu laweza kuchukuliwa na maji kama gari dogo, kwa hiyo hungoja ng'ambo mpaka maji yapungue, hata kama ni usiku kucha.

Mtu aliyevumilia kazi hiyo yote hupata pia furaha yake. Gari lililokuwa limelala chini ya mti laamka asubuhi kwa sauti nzito. Mapipa ya maji hupakiwa, na gari hupelekwa kwa jamaa walio na ngamia mbali na kisima. Wakati wa kurudi huchukua mbuzi wa soko la Garissa na wazee waendao mjini. Siku isiyo ya kazi, watoto hupanda nyuma wakaenda kutazama twiga wa Bour-Algi, kusini mwa mji. Jioni turubai hutandikwa kando ya gari, moto huwashwa, na chai ya maziwa ya ngamia hunywewa huku injini ikipoa.

Lakini kabla ya kunywa chai, dereva mwema hufanya kazi moja zaidi. Huzunguka gari lake na tochi, akapiga kila tairi kwa nyundo asikie sauti yake, akatazama chini kama kuna tone la oili, akapima maji yaliyobaki katika pipa. Mtu mwenye desturi hiyo aweza kulala bila wasiwasi, hata mawingu ya gu yakiwa yameanza kujikusanya juu ya njia ya Wajir.