Mafuta ya bwati kwa moto ya zamani: tusome etiketi mbele ya kulipa



Wakati wa kuvuna kahawa, moto ya koperativi haipumziki. Kahawa nyekundu iliyochumwa asubuhi inapaswa kufika kwenye kituo cha kuosha siku ile ile. Ikilala ndani ya gunia inaanza kuchacha, na bei inashuka. Katika koperativi nyingi tunazotembelea, hiyo kazi ingali inafanywa na moto ya zamani, mara nyingi Yamaha AG100 ao DT125 iliyoachwa na mradi fulani. Hizi moto ni ngumu, na fundi yeyote wa senta anazijua. Lakini kuna kitu kimoja kinachoziharibu polepole, na watu wanakitafuta mahali pengine: mafuta ya bwati ya vitesi.

Katika koperativi moja, komite ilikuwa karibu kumufukuza motari. Esansi ilikuwa inaisha mbio kuliko zamani, na watu walianza kusema kwamba anaiuza njiani. Tuliomba tupande mulima pamoja naye, na gunia mbili nyuma. Katika vitesi ya nne alifungua gazi: moteri ikalia kwa nguvu, lakini moto haikuongeza mwendo. Ambreyaji ilikuwa inateleza, ao kama mafundi wanavyosema, "inapatina". Esansi ilikuwa inaunguzwa bure. Ndani ya bwati mulikuwa mafuta mazito ya gari, yaliyonunuliwa kwa nia njema kwa sababu muuzaji alisema mazito njo yanalinda zaidi. Motari hakuiba kitu.

Sehemu mbili, mafuta ya aina mbili

AG100 na DT125 za zamani ni moto za mapigo mawili, zile mafundi wanaita "deux temps". Ndani yake, moteri na bwati ni vyumba viwili vilivyotengana. Pistoni inapata mafuta yake kutoka tanki dogo la pembeni, mafuta ya 2T, ambayo pompi inayachanganya na esansi na yanaungua. Bwati iko na mafuta yake yenyewe. Hayaungui, yanabaki mule mpaka muyamwage.

Musibadilishe moja kwa nyingine. Mafuta ya bwati katika tanki la 2T yanaweza kufunga moteri. Na mafuta ya 2T ndani ya bwati hayakutengenezwa kwa kulinda meno ya vitesi.

Sasa, katika bwati hiyo, mafuta yale yale yanafanya kazi mbili zinazopingana. Meno ya vitesi yanataka utelezi, ili chuma isile chuma. Lakini ambreyaji nayo inaogelea mule mule. Ambreyaji ni disiki zilizopangwa moja juu ya ingine na kubanwa na resori. Inapeleka nguvu kwa sababu disiki zinashikana. Mafuta yakiwa na utelezi wa kupita kiasi, meno yanafurahi lakini disiki hazishikani tena. Njo maana hatuchagui mafuta kwa uzito wake peke yake, wala kwa bei kubwa.

Etiketi inasema nini

Hakuna mukulima anayenunua mbolea kwa kuangalia rangi ya gunia. Tunasoma: NPK 17-17-17. Chupa ya mafuta nayo iko na namba zake.

Ya kwanza ni SAE, kipimo cha uzito. Kwa bwati za Yamaha hizi, kitabu cha mutengenezaji kinaomba mafuta ya moteri ya 10W-30, kiwango cha SE. Musishangae kwamba ni mafuta ya moteri: uzito huo njo unafaa kwa bwati hiyo. SE ni kiwango cha miaka ya 1970, na leo si rahisi kukipata. Viwango vya sasa kama SJ ao SL vinafaa, mradi alama inayofuata iwepo. Kwa sehemu zetu za joto, 10W-40 inakubalika pia.

Ya pili ni JASO, kiwango cha Wajapani kwa mafuta ya moto. Hii njo alama ya kutafuta zaidi. JASO MA, MA1 ao MA2 maana yake mafuta yamepimwa na ambreyaji inayoogelea inashika vizuri. JASO MB ni ya utelezi mwingi, kwa skuta zenye ambreyaji kavu. Kwa hizi zetu, hapana. Mara ingine chupa inaandika kwa Kifaransa "embrayage à bain d'huile" ao "embrayage humide": ni maana moja.

Ya tatu ni API GL-4 ao GL-5, ambayo mutaiona kwenye mafuta ya bwati na daraja za gari. GL-5 iko na dawa nyingi za sulfuri na fosfori, kwa meno yanayobanwa sana katika daraja la kamyo. Dawa hizo zinaweza kufanya disiki ziteleze, na zamani zilijulikana kwa kula sehemu za shaba na bronzi. Tuiachie kamyo.

Na musidanganywe na namba kubwa. 90 ya mafuta ya bwati na 40 ya mafuta ya moteri zimepimwa kwa kipimo tofauti. Kwa uzito wa kweli, 90 ya bwati inakaribia 40 ao 50 ya moteri. Haiko mara mbili.

Wenye Boxer na TVS, musome pia. Moto hizo za mapigo mane ziko na mafuta moja tu kwa moteri, bwati na ambreyaji. JASO MA ni lazima, na uzito ni ule ulioandikwa katika kitabu chake. Mafuta ya gari yenye maneno "Energy Conserving" yabaki dukani.

Ikiwa ambreyaji imekwisha kuteleza

Mbele ya kununua disiki mpya, tufuate ngazi hizi:

1. Mupime kamba ya ambreyaji. Kwenye mashiko ya mukono, nafasi huru iwe milimetri 2 mpaka 3. Kamba iliyokazwa sana inatelezesha ambreyaji hata kama mafuta ni mazuri.
2. Muwashe moteri dakika tano ili mafuta yapate moto kidogo, muizime, musimamishe moto wima, kisha mufungue vizi ya chini na mumwage yote.
3. Muangalie kile kinachotoka. Rangi ya kahawa yenye maziwa: maji yameingia, pengine wakati wa kuvuka muto. Vumbi la rangi ya zahabu: bronzi inalika. Harufu ya kuungua: ni disiki.
4. Muweke mafuta sawasawa. Kiasi mutakisoma katika kitabu, mara nyingi kimeandikwa pia karibu na bushoni. Kwa moto hizi ndogo hakifiki litri moja. Kuzidisha si kulinda.
5. Kama mulikuwa mafuta mabaya, mutembee nayo siku chache, mumwage tena, muweke mapya. Disiki zinashika mafuta ya zamani. Ikiwa bado inateleza, hapo njo tufungue na kubadilisha disiki.

Alama ingine: mafuta ya bwati yanapungua, chini hakuna tone, na moto inatoa moshi mweupe mwingi hata ikiwa imekwisha kupata moto. Jwenti ya mhimili wa moteri, upande wa ambreyaji, imechoka, na moteri inanywa mafuta ya bwati. Musiongeze tu kila juma. Mupeleke kwa fundi mbele bwati haijakauka.

Kwa komite

Kwa moto inayobeba muzigo katika matope na milima, tunashauri kubadilisha mafuta ya bwati kila kilometa 2000 ao 3000, na kila mara maji yanapoingia. Mununue chupa iliyofungwa, si mafuta yaliyomiminwa katika chupa ya maji kando ya barabara, maana haina etiketi ya kusoma. Kisha muandike katika kaye: tarehe, kilometa, jina la mafuta, alama ya JASO, bei, na jina la aliyeyaweka. Kurasa hiyo inalinda pesa za wanachama, na inamulinda motari pia siku esansi itakapoleta maneno.

Mafuta machafu musimwage shambani wala karibu na kijito. Udongo na maji vitabaki na sumu. Muyaweke katika bido yenye alama. Na bido hiyo, hata ikioshwa mara kumi, isirudi kubeba maji ya kunywa, maziwa ao mafuta ya ngazi.