Kaboni ya pori letu: nani atatupimia?

Mchimbaji wa Pinga hauzi bila mzani. Hata kama negosiani anampa bei ya kumuonea, gunia linapimwa, kilo zinasomwa, watu wanabishana, kisha pesa inatoka. Lakini kuko bidhaa ingine katika pori letu inayouzwa mbali sana, na hapa kwetu hakuna mutu ambaye ameiona kwenye mzani. Inaitwa kaboni. Makampuni ya Ulaya na Marekani yanaitafuta, Kinshasa inaizungumzia, na siku moja mgeni anaweza kupanda na pikipiki mpaka hapa, karatasi ya kutia mukono iko ndani ya mfuko. Tunaandika leo mbele hajafika.

Biashara yenyewe ni hivi. Mti uliosimama unashika kaboni ndani yake. Ukikatwa na kuchomwa, kaboni ile inapanda hewani na kuongeza joto la dunia. Kampuni ya ndege ama kiwanda kinachochafua hewa kinaweza kununua krediti: krediti moja ni tani moja ambayo haikupanda. Kila krediti iko na namba yake, sawa vile etiketi kwenye gunia la kasiteriti, ili isiuzwe mara mbili. Na bei? Mwaka 2018 serikali yetu ilipatana na Benki ya Dunia juu ya jimbo la Mai-Ndombe: mpaka tani milioni 11 kwa dola milioni 55. Yaani dola 5 kwa tani. Tani, si kilo. Wale wanaouza koltani watafanya hesabu wao wenyewe.

Sasa, tani hiyo inapimwa namna gani? Hapa ndipo tunaomba msomaji asimame kidogo. Wapimaji hawahesabu tu miti iliyosimama. Wanahesabu miti ambayo ingekatwa kama mradi haungekuja. Ni hesabu ya kitu ambacho hakikutokea, na wakubwa wenyewe wanaibishania: mwezi wa 1 mwaka 2023 magazeti ya Uingereza na Ujerumani yaliandika kwamba sehemu kubwa ya krediti za misitu zilizopitishwa na Verra, shirika kubwa kuliko yote katika kazi hiyo, hazikupunguza kaboni ya kweli. Verra ilikataa.

Na miti hiyo ingekatwa na nani? Jibu linaandikwa katika karatasi za mradi. Ni mkulima anayefungua shamba la mihogo, ni mchoma makala, na ni wewe mchimbaji, unayekata miti ya kushikilia shimo na kusafisha mahali pa kuchimba. Mradi ukisema wachimbaji wangeharibu hekta nyingi, krediti zinakuwa nyingi. Kisha ili krediti zitoke, lazima wachimbaji hao wasichimbe pale. Kwa hiyo kuondoka kwako ni sehemu ya kile kinachouzwa. Basi kama hukukaa kwenye kikao, umeuzwa pamoja na mti.

Leta iko na washauri. Mwaka 2021, kule Glasgow, Congo ilipatana na CAFI, mfuko wa nchi tajiri kwa ajili ya misitu ya Afrika ya Kati, juu ya dola milioni 500. Mwaka 2023 Kinshasa iliunda ARMCA, mamlaka ya kusimamia soko la kaboni. Makampuni nayo yanalipa mabiro makubwa yawafundishe namna ya kuingia sokoni, namna ya kuandika mkataba, namna ya kujilinda. Kijiji kiko na nani? Mara nyingi mshauri wake ni yule yule aliyekuja kununua.

Sheria haikutuacha mikono mitupu. Dekre 14/018 ya tarehe 2/8/2014 inaruhusu jamii kuomba hati ya msitu wake, mpaka hekta 50.000, bure na bila mwisho. Gavana ndiye anatia mukono. Katika Walikale vijiji kadhaa vimekwisha kupata. Kijiji chenye hati kinaongea kama mwenye nyumba. Kijiji bila hati kinaitwa tu wakaaji. Tena tangu sheria ya mwezi wa 7 mwaka 2022, Wambuti nao wako na haki ya kuulizwa mbele ya kitu chochote kufanyika katika ardhi yao. Tusiwasahau tukigawanya viti.

Lakini hati ya msitu haitoi mashimo. Vilivyo chini ya ardhi ni vya Leta, na mchimbaji wa mikono anaruhusiwa tu katika eneo lililotengwa kwa kazi yake. Kariyeri ambayo haiko kwenye karata ya Leta, mshauri wa kaboni hataiona, ama ataiandika kama uharibifu. Ndiyo maana kooperative zinapashwa kufuata karatasi za maeneo yao sasa, hata kama safari za biro zinachosha. Tunajua zinachosha.

Kuhusu kugawanya pesa, jirani zetu wameandika namba. Kenya, kwa sheria ya 2023, mradi wa ardhi lazima uwape wenyeji angalau 40% ya mapato ya mwaka, gharama zikiisha kutolewa. Kwetu, wachimbaji wanajua namba moja: Kode ya madini ya 2018 inaipa sekta ama sheferi 15% ya redevansi. Kwa kaboni, ulizeni namba mbele ya kalamu kutoka mfukoni. Ni asilimia ngapi, na ya nini: ya bei ya kuuza, ama ya kile kinachobaki wakubwa wakisha kula?

Ulizeni pia miaka. Kule Mai-Ndombe, mkataba wa Leta na kampuni juu ya hekta karibu 300.000 ulitiwa mukono mwaka 2011, kwa miaka 25. Ulizeni vita. Krediti hulipwa kama wapimaji wamefika porini, na mwezi wa 10 mwaka 2024, mapigano yalipofika Kalembe, hata wenyeji walikimbia. Mwaka ambao hakuna mpimaji, kijiji kinakula nini, na mashimo yamekwisha kufungwa?

Na karatasi isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, Kinyanga na Kihunde, wamama na vijana wa kariyeri wakiwa wamekaa pale.